Mwanamke Aliyefuga Wageni wa Bandia

Wapo watu wanaolipwa kujenga, na wapo wanaolipwa kulinda kilichojengwa. Mafuriko alilipwa kuangusha. Jina hilo walimpa kazini, likamganda, hata muuza magodoro mwenye duka chini ya ofisi yao akawa anamwamkia kila asubuhi, "Mafuriko, leo unambomoa nani?" Naye humjibu huku anapanda ngazi mbili mbili, maana kupanda moja moja kama watu wengine hakujui.

Kazi yenyewe ukielezwa haraka utadhani ni uganga. Mtu akifungua tovuti kwenye simu yake, simu inakwenda kubisha hodi kwa kompyuta iliyokaa mbali, iitwayo seva, na seva inamjibu. Akibisha mmoja, seva inajibu kabla hajapepesa jicho. Wakibisha watu elfu na elfu kwa mpigo mmoja, inaelemewa, inachelewa, mwisho inanyamaza, na kila mtu anabaki kutazama ukurasa mweupe kama shuka la hospitali. Sasa Mafuriko alikuwa anatengeneza watu wa bandia ndani ya kompyuta yake, watu wasio na sura wala mama, akawapa kila mmoja jina na shida yake, kisha akawafungulia wote kwa pamoja kama mbuzi waliofunguliwa zizi. Wakienda kubisha hodi, yeye anatazama seva inavyohema. Ikianguka, vizuri. Heri ianguke mbele yake kuliko mbele ya watu wa kweli.

Ilikuwa kazi ya mtu asiyetulia, na yeye hakutulia tangu utotoni. Alikula amesimama. Aliongea na simu akizunguka chumba, mpaka sakafu ya ofisi ile ikawa na njia yake, kama njia ya siafu, kutoka mezani hadi dirishani na kurudi. Shangazi yake alisema mtoto huyu hata tumboni aliwasumbua, alikuwa kama mtu anayetafuta mlango gizani.

Baba yake alikuwa fundi cherehani. Miaka mingi alishona pale barazani kwake, suti za maharusi na sare za shule, na mkasi wake ulikuwa hausemi uongo. Halafu mtoto wa jicho akamwingia, kwanza la kulia, kisha la kushoto, dunia ikawa kama anaitazama kupitia maziwa. Hakuacha kazi. Alishona kwa vidole. Mteja wake wa mwisho alipewa shati lenye vifungo pande zote mbili bila tundu hata moja. Mteja alikuwa mtu wa adabu, akashukuru, akaondoka amelivaa kifua wazi. Mzee alipoambiwa baadaye na jirani alicheka sana, kisha akafunika cherehani kwa kitambaa, na tangu siku hiyo hakukifunua.

Hospitali ya macho ilikuwa na madaktari wageni waliokuja mara moja kwa mwaka, wakakaa majuma mawili, wakawaondolea watu mtoto wa jicho, wakaondoka. Nafasi zilikuwa chache na wenye shida ni wengi. Mwaka uliopita watu walijipanga getini tangu alfajiri, wakasukumana, uzio ukalala chini, walinzi wakatoa fimbo. Fundi naye alikuwemo. Alirudi nyumbani na kiatu kimoja na nafasi hakupata.

Kwa hiyo mwaka huu hospitali ikatangaza redioni kwamba hakuna foleni. Kila mgonjwa aliyekwisha kupimwa na kupewa kadi ataomba nafasi kwa simu, kwenye tovuti, Jumatatu saa mbili asubuhi. Na waliopewa kazi ya kutengeneza tovuti hiyo ni ile ofisi ndogo ya vyumba viwili iliyo juu ya duka la magodoro.

Ofisini walikuwa watatu wa kuhesabika. Mjenzi, kijana mpole aliyejenga tovuti na ambaye vispika havikumtoka masikioni, mtu akimsemesha anajibu baada ya wimbo kwisha. Bosi, waliyemwita Tulieni, kwa sababu kila jambo likiharibika alisema "jamani tulieni" huku jasho linamchuruzika yeye peke yake. Na Mafuriko.

Alhamisi akawafungulia watu wake wa bandia. Aliwahesabu wagonjwa wote wa hospitali ile wenye kadi, akaongeza na wengine wa tahadhari, akawatuma wote kwa dakika ileile. Seva ikawajibu wote. Mjenzi akatoa kispika kimoja sikioni, heshima ambayo hakumpa kila mtu, akasema hata haikuhema. Tulieni akaagiza soda. Mafuriko akaenda dirishani, akarudi, akaenda tena.

"Imepita vizuri mno," alisema.

Tulieni akamuuliza kwani alitaka ianguke, au kwao furaha ni haramu. Mafuriko alikuwa na hisia tu, kama mtu aliyefunga mlango akaondoka na katikati ya safari anaanza kujiuliza kama kweli aliufunga. Chungu kikiwa juu ya moto mkubwa na hakichemki, ama moto si moto, ama chungu hakina maji. Soda yake aliiacha nusu. Ijumaa akawatuma watu wake tena, seva ikawajibu tena wote. Jumamosi alifua nguo zilizokuwa safi.

Jumapili alikwenda kwa baba yake kula naye mchana, na akakuta nyumba imejaa. Shangazi yupo, amevaa miwani mbili, moja machoni na moja kichwani. Kaka yake, dereva wa lori, yupo na mkewe. Jirani yupo, na mpwa wa jirani, na mtu mmoja ambaye hakuna aliyejua ni nani ila alikuwa na simu kubwa. Mzee amekaa katikati kwenye kiti chake cha kazi, kadi ya hospitali mkononi, anagawa zamu kama jemadari.

Mpango wake ulikuwa rahisi. Kesho saa mbili kila mmoja aingie kwenye tovuti kwa namba ya kadi yake yeye, fundi. Wote kwa pamoja. Atakayepita, amepita. Asiyepita asikate tamaa, abonyeze tena, na tena. Kaka mtu angesimamisha lori popote litakapokuwa. Shangazi alikuwa ameshaanza mazoezi, anabonyeza kikokotoo cha simu kwa kidole cha shahada mpaka kucha inalia.

Mafuriko akamwambia baba yake taratibu kwamba mgonjwa mmoja anaomba mara moja tu, kisha anasubiri.

"Mwaka jana nilikwenda mmoja, nikasubiri," mzee akasema. "Nilirudi na kiatu kimoja. Mwaka huu nakwenda na ukoo."

Watu wakacheka. Shangazi akaongeza kwamba hata jirani wa upande wa pili, yule mwenye mama mgonjwa, amekusanya watoto wote, wakwe, na wapangaji. Akasema asiye na ndugu kesho atakula hasara, na hao ndugu walioshindwa kuja kwenye msiba wake basi angalau waje kwenye jicho lake.

Mafuriko alikuwa ameshika kijiko. Akakiweka. Watu wake wa bandia walikuja mmoja mmoja, kila mtu na shida yake, wakauliza mara moja, wakakunja mikono, wakasubiri. Walikuwa watu wa adabu mno. Alikuwa amehesabu wagonjwa, hakuhesabu watoto wao. Hakuhesabu wakwe, wapwa, majirani, wala mtu asiyejulikana mwenye simu kubwa. Kwa mzee mmoja aliyekaa pale mbele yake alikuwa ameandaa simu moja, na chumbani humo zilikuwa zaidi ya vidole vya mkono, na Shangazi peke yake alikuwa ni kundi.

Akasimama. Baba yake akauliza anakwenda wapi na chakula bado. Kaka yake akajibu kwa niaba yake kwamba huyu hajawahi kukaa tangu azaliwe, mwacheni.

Njiani alimpigia Mjenzi, akampigia Tulieni. Duka la magodoro lilikuwa limefungwa, ngazi zinanuka sponji mpya. Tulieni alikuja amevaa ndala na fulana ya kulalia, akauliza nani amekufa. Mafuriko hakukaa. Akawabadilisha watu wake tabia. Kila mgonjwa akampa ndugu, na kila ndugu akamnyima subira, jibu likichelewa kidogo anabisha tena na lile la kwanza hajaliacha. Kisha akawafungulia.

Seva haikufika mbali. Ilihema, ikachechemea, na ukurasa ukawa mweupe.

Mjenzi akatoa vispika vyote viwili. Tulieni akasema jamani tulieni, akakaa kwenye kiti cha Mafuriko, kile ambacho mwenyewe hakukikalia sana. Kuahirisha haikuwezekana. Redio imetangaza, madaktari wameshafika, na watu wameshapanga safari zao. Ulibaki ule mchana na kilichowezekana kufanywa ndani yake.

Mjenzi akaweka ukumbi wa kusubiri. Mtu akiingia anapewa nafasi yake kwenye foleni na ukurasa mwepesi unaomwambia akae, zamu yake itafika. Akibonyeza tena haongezi mzigo mpya, anarudi palepale alipokuwa. Hiyo ilizuia seva kuanguka. Lakini Mafuriko hakuridhika. Kila akifumba macho anamwona Shangazi na kidole chake. Ndugu sita wakipita wote kwa mzee mmoja, mzee mmoja atakuwa ameshika nafasi sita, na wazee watano watakosa. Akadai sheria. Kadi moja, nafasi moja. Na zamu ikifika, namba ya siri itumwe kwenye simu ya mgonjwa mwenyewe, ile iliyoandikwa hospitalini, siyo ya mpwa wala ya jirani. Mgonjwa aijibu kwa kuiandika palepale. Dakika chache zikipita hajajibu, nafasi inakwenda kwa anayefuata.

Tulieni akauliza kama dakika hizo hazikuwa kali. Mafuriko akasema kwamba bila ukali huo, ukoo utakula kila kitu, yeye anawajua, amezaliwa nao.

Wakajaribu. Mafuriko ya ndugu yakaja, ukumbi ukayapokea. Namba zikatumwa, watu wa bandia wakazijibu papo hapo bila kukosea hata tarakimu, kwa sababu wao wenyewe walikuwa tarakimu. Seva ikasimama imara. Jua lilikuwa bado halijazama walipofunga mlango, na Mjenzi akamshika bega, akasema, "Dada, sasa hata dunia nzima ije."

Alimpigia baba yake akamweleza sheria mpya. Namba itakuja kwenye simu yake mwenyewe, ile ndogo ya vitufe, akae nyumbani na Shangazi amsomee.

"Kwa hiyo ukoo wangu wote umeuvunja," mzee akasema. "Haya, mama. Mlango ni wako, funguo ni zako."

Ilikuwa nusu utani. Ile nusu nyingine ndiyo iliyomfanya Mafuriko ageuke kitandani mpaka shuka likatoka kwenye godoro.

Jumatatu saa mbili watu wakaja. Kwenye kioo cha kompyuta ulionekana mstari umelala, halafu ukasimama wima kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Seva ilihema. Ikachelewa. Haikuanguka. Mjenzi alikuwa anatabasamu bila vispika, masikio yake yanaonekana madogo. Tulieni alisema tulieni, na kwa mara ya kwanza alisema akiwa amekauka. Muuza magodoro akapanda kuuliza kama wamefaulu, maana mkewe amepata nafasi ya mama yake sasa hivi tu, yeye mwenyewe amekaa naye ubavuni akimsomea.

Mafuriko ndiye aliyekuwa hajaridhika. Aliacha kuutazama mstari, akaanza kutazama nafasi. Zamu zilikuwa zinafika, namba zinatumwa. Hawa wawili wamejibu. Wanne kimya. Mmoja amejibu. Saba kimya. Dakika zinakwisha, nafasi inakwenda kwa anayefuata, naye kimya, inakwenda kwa mwingine. Ilikuwa kama mtu anafungua mlango, anaita jina, mwenye jina amekaa palepale, na hainuki.

Alikuwa bado anazunguka na jambo hilo Shangazi alipopiga simu. Mzee hayupo. Ametoka tangu kunapambazuka, kaacha kiti kitupu, amekwenda getini na simu mfukoni. Alisema hawezi kukaa kusubiri kitu asichokiona.

"Amefanana na wewe," Shangazi akasema. "Mimi nilimwambia akae, akaniambia nikae mimi."

Mafuriko akatafuta kadi ya baba yake kwenye kompyuta. Zamu yake ilikuwa imefika, namba imetumwa, dakika zimekwisha. Nafasi yake imepewa mtu mwingine, na huyo naye kimya.

Akampigia. Simu ikaita sana kabla mzee hajakipata kitufe cha kupokea.

"Baba, hukupata ujumbe?"

"Nimepata. Imelia mara moja, nikajua ndiyo yenyewe." Nyuma yake kulikuwa na sauti za watu wengi, za kizee. "Tupo wengi hapa, mama. Wote hatukuamini mambo ya kukaa nyumbani. Simu zinalia kama jogoo wa soko, ya huyu ikimaliza inaanza ya yule. Tunaulizana nani asome. Hakuna mwenye macho."

Mafuriko alisimama katikati ya njia yake ya siafu, mguu mmoja mbele.

Hakuna mwenye macho. Tovuti ilikuwa ya wagonjwa wa macho. Walikuwa wameipima kwa wingi wa watu, kwa haraka yao, kwa ujanja wa ndugu zao, na kisha yeye mwenyewe, kwa mkono wake, akaondoa ndugu na kuweka mbele ya kipofu namba ndogo na kumwambia isome upesi. Ukuta umesimama imara kabisa. Na waliouvuka ni wale tu waliokuwa na mtu ubavuni.

Akawaambia. Mjenzi akashika kichwa. Tulieni akatazama kioo, akatazama mlango, kisha akasogea karibu akasema kwa sauti ya chini kwamba jina la mzee lipo palepale, linahitaji kuguswa tu. "Muingize baba yako kwanza. Mimi sijaona kitu, na Mjenzi huyu hasikii."

Mkono wa Mafuriko ulikuwa tayari juu ya vitufe. Haikuwa kazi hata ya kupepesa jicho. Lakini sikioni simu ilikuwa bado wazi, na kwa mbali alisikia mlio mwingine, na mzee mmoja anasema jamani, ya kwangu hiyo, nani anisomee. Akautoa mkono.

Alisema dakika ziondolewe. Namba ikae mpaka jioni, na wote waliopitwa warudishwe walipokuwa, kabla hawajapewa wengine, kila atakayejibu achukue nafasi maadamu ipo. Mjenzi akasema kubadilisha sheria sasa, watu wakiwa wamejaa, ni kama kumshonea mtu suruali akiwa anatembea nayo. Mafuriko akamjibu kwamba baba yake amewahi kufanya hivyo, bwana harusi akiwa anakwenda kanisani. Tulieni akasema hospitali lazima ikubali, akampigia muuguzi mkuu, na sauti ya mama yule ilisikika chumba kizima bila kipaza sauti.

"Kumbe mlitaka wasome wenyewe? Wangekuwa wanaweza kusoma, kwetu wangekuja kufanya nini?"

Mjenzi akaandika. Kwa kitambo kurasa za watu zikawa nyeupe, mstari ukatetemeka, Tulieni akaanza kulowa tena. Kisha seva ikapumua. Zamu zilizopotea zikarudi. Namba zikatumwa upya, na simu za getini, kwa maelezo ya fundi, zikalia zote kwa pamoja kama kengele za shule.

Ilibaki kusoma. Mafuriko akamwambia baba yake ampe simu mlinzi wa geti. Mzee akakataa. Mlinzi yule yule, mwaka jana, ndiye aliyekuwa na fimbo, sauti yake anaijua mpaka leo. Mafuriko akasema basi mpe yeyote mwenye macho. Mzee akasema mwenye macho ni huyo huyo peke yake, wenye macho hawaji hapa. Mwishowe akasikika akimsogelea, na mlinzi akamwamkia "shikamoo mzee" kama mtu asiyekumbuka kitu.

"Marahaba," fundi akamjibu. "Fimbo iko wapi leo?"

"Leo sina, mzee wangu. Leo nina kalamu."

Mlinzi akaanza kuwasomea. Alisoma kwa sauti, akawaandikia jibu, akabonyeza kutuma, akamwita anayefuata. Na wazee, kwa mazoea ya maisha, wakajipanga. Foleni ikawa palepale getini, ileile ambayo hospitali ilitangaza redioni kwamba haipo, ila safari hii haikusukumana, maana kila mmoja alimshika wa mbele yake bega asimpoteze.

Ofisini nafasi zilikuwa zinapungua. Waliojibu asubuhi ile, kabla ya kurekebishwa, walikuwa wameshachukua zao, na hakuna aliyekuwa na haki ya kuwanyang'anya. Mama mkwe wa muuza magodoro alikuwa mmoja wao. Wa nyuma walikuwa wengi kuliko kilichobaki. Mafuriko alitembea. Alifika dirishani akarudi kutazama. Alikwenda mpaka kwenye ngazi, akashuka moja, akapanda. Tulieni alijaribu kutembea naye, akachoka. Kila jibu lililotoka getini lilikuwa mtu aliyepata, na kila aliyepata alikuwa amesogeza ukingo karibu na baba yake. Mara moja mlinzi aliitwa na gari lililotaka kuingia, na majibu yakakatika, na Mafuriko akajikuta anamwomba dereva asiyemjua, kwa sauti, aingie upesi apite zake.

Jina la fundi likabadilika rangi. Amepata. Siku ya mwisho kabla madaktari hawajaondoka, mchana.

Hakupiga kelele. Akaona majina mengine machache yakibadilika baada ya lile, halafu hayakubadilika tena. Nafasi zimekwisha. Mstari ulikuwa bado umesimama wima. Watu walikuwa bado wanabisha, na seva, iliyokuwa imara kabisa, ilimjibu kila mmoja kwa haraka na kwa heshima kwamba hakuna kitu.

Akampigia baba yake, akamwambia siku na saa.

Mzee akarudia siku hiyo taratibu, kama anaipima kwa futi. Akasema alhamdulillahi, akasema atafungua kitambaa cha cherehani hata kabla, angalau kuifuta vumbi. Kisha akakumbuka jambo.

"Niangalizie na mwenzangu hapa. Mshona viatu. Tumesimama naye tangu alfajiri, mimi mbele yake, yeye nyuma yangu. Simu yake imesomwa sasa hivi, baada ya yangu na ya mama mmoja. Limo jina lake?"

Mafuriko akaomba namba ya kadi. Mzee akaiuliza, akaambiwa, akaisema. Mafuriko alikuwa ameshaliona jibu kabla hajamaliza kuiandika. Zamu ya kwanza ya mshona viatu ilifika mapema asubuhi, mapema sana, wakati nafasi ni nyingi. Namba ilitumwa. Dakika zikaisha.

"Hajapata, baba."

Geti likasikika likifunguliwa na kufungwa.

"Mwambie wewe," mzee akasema. "Mimi uso wake siuoni. Sitajua ameipokeaje."

Simu ikabadilisha mikono. Ikasikika pumzi ya mtu mwingine, nzito, ya mtu aliyeibana simu sikioni kwa nguvu akiogopa kuiangusha.

"Haloo," akasema mshona viatu. "Ndiyo, mwanangu. Nakusikiliza."

Mafuriko akavuta kiti, akakaa.